Amesema Ataka Tujuane: Nimjibuje?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Lamu na Malindi, na zazunguka jambo moja: mtu ameonyesha kwamba angependa kunifahamu, sasa niseme nini? Tumechagua saba na kuzifupisha. Wanaojibu ni jopo la safu hii: masomo wawili wanaofunda maharusi, wakili wa mambo ya ndoa, na msimamizi wa wafanyakazi wa hoteli. Mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi tumeyabadilisha.

Siku ya tatu leo sijajibu

*Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nakaa Langoni, Lamu. Kuna kijana afanyaye kazi kwenye boti za Mokowe. Amepata nambari yangu kwa binamu yangu wa kike akaniandikia WhatsApp: "Assalaam alaikum dada, naomba tujuane." Siku ya tatu leo sijajibu. Nikijibu ataona nimekubali. Nisipojibu, mji wenyewe ndio huu, kesho nitapishana naye Usita wa Mui. Simchukii, lakini simjui.*

Wa alaikum salaam, mwalimu. Kijana ametia mambo mawili katika ujumbe mmoja, yatenganishe. Salaam ni haki yake, kuirudisha ni wajibu, na hakuna mtu Lamu atakayesema kurudisha salaam ni kukubali kitu. "Naomba tujuane" ni ombi, na ombi lina majibu matatu: ndiyo, la, na "nieleze kwanza". Wewe uko kwenye hilo la tatu. Wengi husahau kwamba lipo, na ndiyo sababu hukaa kimya mpaka kimya chenyewe kikawa jibu. Siku moja ya kimya ni shughuli. Siku ya nne mwenzako atakuwa ameshajitungia maana yake, na atakuwa amemrudia binamu yako kuuliza.

Mwandikie leo, mchana:

"Wa alaikum salaam kaka. Samahani kwa kuchelewa. Kabla sijakujibu ningependa kujua wewe ni nani, wa mtaa gani, na umekusudia nini uliposema tujuane. Na nambari yangu napenda niulizwe mwenyewe kabla haijatolewa."

Hapo kila neno lina kazi. "Kaka" yaweka heshima na nafasi kwa pamoja. Samahani moja yatosha. Ukiomba radhi mara tatu utakuwa kama mwenye deni. Neno la nambari limesemwa bila hasira, lakini limesemwa, na binamu naye ataambiwa ana kwa ana. Usitie vikatuni vya kucheka. Usitume ujumbe wa sauti: sauti ina tabasamu ndani yake, na ikirushwa kwa marafiki watano kila mmoja husikia anachotaka kusikia. Maneno ya kuepuka kabisa ni "sawa tu" na "haina shida". Wewe utayaandika kwa adabu, yeye atayasoma kuwa umeridhia, na mwezi ujao mtagombana kila mmoja akiwa na haki yake.

Kisha ngoja usome jibu lake. Mwenye nia hujibu yote aliyoulizwa: mimi ni mwana wa fulani, nakaa mahali fulani, nataka nikufahamu na mambo yakielekea nilete wazee. Anayekwambia "kwani wewe polisi?" au "nia utaijua mbele ya safari" hajajibu. Mrudie mara moja tu: "Kaka, nilikuuliza nia." Akipiga chenga tena, funga mazungumzo.

Akijibu vizuri, uliza habari zake kabla moyo haujaenda mbali. Kuuliza si umbeya. Ndivyo mji huu ulivyooza watoto wake miaka yote. Uliza watu wawili ambao hawatakaa pamoja wakalingisha majibu: mmoja mama mtu mzima wa mtaani kwao, mwengine anayemjua kazini. Binamu aliyetoa nambari hafai, yeye keshachagua upande. Na usiulize "ni mtu mzuri?" Hapa kila mtu ni mzuri mpaka asubuhi ya talaka. Uliza mambo yenye jibu: ana mke, au amewahi kuwa naye? Ana watoto anaowatunza, na huwatunza kweli? Akikopa hulipa? Atumia miraa, au unga wa kulevya? Akikasirika pale gatini hufanya nini? Hilo la mwisho watu wa boti wenzake watalijibu haraka, kwa kuwa abiria na mizigo humkasirisha mtu kila siku.

Mkifika pa kuonana, iwe mchana, mahali pa wazi kama viti vya Mkunguni mbele ya Ngome, na nduguyo mmoja akae hatua chache kando. Nusu saa yatosha. Akikwambia "njoo nikupeleke Manda mara moja kwa boti," mwambie la, hata kama ni mtu mwema. Barabarani ukichoka waondoka kwa miguu yako; ndani ya boti mwenye uamuzi wa kurudi ni mwenye usukani. Jumbe zinazoingia baada ya Isha zijibu asubuhi. Mweleze hivyo mara moja, usilirudie kila usiku.

Weka na muda. Sisi twaona miezi miwili yatosha kwa watu wa mji mmoja. Baada ya hapo, ama awaambie wazee wake, ama muache. Mwenye haja ya miezi minane ya "kujuana" na mtu anayekaa dakika tano kutoka kwao, hajui anachokitaka.

Na kama hata sasa moyo wako wasema la, basi hivi: "Kaka, nashukuru umeniuliza kwa adabu. Sitaweza. Nakutakia kheri." Usiongeze "kwa sasa", kwa kuwa neno hilo ndilo linalowaweka watu mlangoni mwaka mzima. Usimzulie mchumba asiyekuwepo; Lamu uwongo wa namna hiyo haufiki Ijumaa. Mkipishana barabarani, toa salaam yako kama siku zote na uendelee na njia.

Kila wiki simu yake ina shida mpya

*Mimi ni fundi simu, Malindi mjini. Kuna binti huja dukani kwangu, mara kioo, mara chaja, mara haina tatizo lolote. Wenzangu wasema "huyo anakutaka". Naogopa kujidanganya, na naogopa pia kumwacha akadhani namdharau.*

Ucheshi wa mteja si dalili. Biashara yote ya Malindi huendeshwa kwa ucheshi. Tazama mambo mengine. Huja kwako hata pakiwa na fundi jirani asiye na foleni? Hukumbuka ulichomwambia wiki iliyopita, kwamba mama alikuwa mgonjwa au ulikuwa na safari? Amekwambia mwenyewe jina lake na mahali anapokaa bila kuulizwa? Moja halina uzito. Yakikutana yote matatu, una sababu ya kuuliza.

Uliza akiwa ameshachukua simu yake na kulipa, dukani pakiwa hapana msongamano: "Dada, nje ya kazi, ningependa tujuane. Ukiona si sawa niambie tu, na simu yako nitaendelea kuitengeneza vilevile." Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu bila hiyo akikataa atakuwa amempoteza fundi. Bei mtoze ile ile ya wengine. Ukianza kumsamehea mia mbili mia mbili, siku ya kujibu atakuwa anajibu akiwa na deni.

Na hili twalisema kwa fundi yeyote: nambari aliyoiacha ili umpigie kazi ikiisha ni ya kazi. Usimwandikie nayo salamu za usiku. Picha zilizo ndani ya simu ya mteja hazikuhusu hata kama skrini imefunguka mbele yako.

Mgeni wa chumba cha ghorofa ya pili

*Nafanya kazi mapokezi katika hoteli Malindi. Mgeni mmoja Mtaliano, mtu wa makamo, kila siku huja kaunta kuniuliza nambari yangu na kama nitakwenda kula naye. Ni mpole, hajanishika. Msimu ndio huu, sitaki kumuudhi mgeni, wala sijui kama nina haja naye. Wenzangu wengine wasema nina bahati, wengine wananicheka.*

Ukiwa ndani ya sare, jibu ni moja, uwe na haja naye au usiwe nayo: "Nashukuru, lakini niko kazini, nambari yangu siitoi kwa wageni." Kwa lugha yake: "No, grazie. Sto lavorando." Liseme kwa uso mkunjufu, kisha papo hapo rudi kwenye kazi: kuna teksi unataka nikuitie? Kumpa kitu cha kazi baada ya kumkataa kunamwezesha kuondoka kaunta bila aibu. Kosa linalofanyika sana ni kucheka na kusema "kesho". Kesho atarudi, na safari hii atakuwa anadai ahadi.

Mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo hata kama hujaudhika, na uandike tarehe na maneno yaliyosemwa. Sababu ni ya kukulinda: mgeni akija kulalamika kwamba umemjibu vibaya, au mwenzako akisema wewe ndiye unayemfuata, maandishi yako yametangulia. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu dhuluma za kingono kazini. Iombe uisome. Sheria yenyewe yamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza, kwa hivyo tazama kama sera ya hoteli yenu imemtaja na mgeni. Kama haikumtaja, ulizeni mkiwa wengi.

Sasa, kama kweli wataka kumfahamu, hakuna ubaya wa kutaka, lakini subiri mpaka alipe hesabu yake na kutoka hotelini, na kwanza hakikisha kanuni za kazi hazikukatazi. Mwonane mchana, mahali pa watu, uende kwa tuktuk yako na urudi kwa tuktuk yako, na soda yako ulipe mwenyewe siku ya kwanza. Dada au rafiki ajue uko wapi na utarudi saa ngapi. Muulize swali lile lile ambalo mwalimu wa Langoni anamuuliza kijana wa boti: umekusudia nini? Utaifa haubadilishi swali. Kinachobadilika ni namna ya kuhakikisha. Hapa huwezi kumuuliza mama wa mtaani kwao, basi tazama anachokuficha: familia yake, kazi yake, anwani yake. Siku atakapotaja ndoa, mgeni anayefunga ndoa ya kiserikali hutakiwa alete hati kutoka kwao kuonyesha hana kizuizi cha kuoa. Aliye huru huichukua tu. Mwenye mke kwao ndipo huanza kusema makaratasi ni ya nini, sisi twapendana.

Kuhusu wenzako wanaosema una bahati: hawatakuwepo kwenye hicho chakula.

Mshenga amekuja, binti hajui lolote

*Mimi ni mama, nakaa Mkomani, Lamu. Juzi alikuja mzee mmoja na mkewe, wametumwa na watu wa Shela, wamtaka binti yangu wa kwanza. Ana miaka 19, asoma chuo Mombasa. Baba yake apenda ile nyumba na karibu aseme ndiyo. Mimi nataka kijana na binti wajuane kwanza, lakini sijui kuwajibu wale wazee bila kuwavunjia heshima, na sijui nimwambieje mtoto.*

Mama, mshenga hakuja kuchukua jibu siku ile, alikuja kuleta neno. Kwa hivyo hujachelewa. La kwanza ni kumzuia baba asiseme ndiyo kwa ulimi, hata kwa mzaha wa barazani, kwani maneno ya barazani hufika Shela kabla ya Magharibi. Wapelekeeni wazee jibu la kati, kwa njia ile ile neno lilikoingilia:

"Tumelipokea neno lenu na mmetupa heshima. Tupeni wiki tatu tuulizane na mwenyewe."

Mambo matatu yamo humo: shukrani, muda uliotajwa, na "mwenyewe". Muda usiotajwa ndio unaoharibu. Dini yakataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye, na mjini watu wakisikia tu kwamba nyumba fulani ina neno, hujizuia hata kabla jibu halijatoka. Mkikaa na neno la watu miezi minne, mmemfungia mtoto wenu mlango bila kumwoza. Na katika wiki hizo tatu msipokee kitu: si kitambaa, si saa, si kikapu cha halua chenye bahasha chini yake. Zawadi ndogo iliyopokelewa kabla ya jibu huhesabiwa jibu, na kuirudisha ni fedheha kwa pande zote mbili.

Binti aambiwe ana kwa ana. Kama likizo iko mbali, mpigie simu akiwa peke yake chumbani, si akiwa ndani ya matatu. Asiwe baba wa kumwambia kwanza, wala wewe kama wajua yeye akuogopa. Mtume shangazi au mama mdogo anayetaniana naye. Aambiwe jina la kijana, kazi yake, nyumba yao, na aambiwe wazi: hakuna aliyejibu kwa niaba yako. Kisha aachwe siku mbili tatu.

Hapa masomo wetu wana neno. Fiqhi, yaani sheria ya dini, yasema kunyamaza kwa bikira ni idhini yake, na wazazi wengi hulikimbilia hilo. Lakini kinachosemwa hapo ni kuona haya kwa mtoto aliyeridhia akashindwa kutamka. Mtoto anayenyamaza kwa hofu ya baba hajatoa idhini. Kwa hivyo aulizwe kwa namna zaidi ya moja. "Wamtaka?" peke yake halitoshi. Muulize: "Ungependa kuonana naye?" "Kitu gani ungetaka kujua juu yake?" "Akitaka uache chuo utasemaje?" Aliye na nia huanza kuuliza maswali. Anayejibu kila swali kwa "kama mnavyoona nyinyi" hajakubali bado, na msimhesabu.

Akisema yuko tayari kumwona, ombeni kikao. Sheria ya dini yamruhusu mwenye kuposa kumwona anayemposa, kwa hivyo hamjavunja mila ya mtu. Iwe nyumbani kwenu, baada ya Alasiri, kahawa na mahamri, si karamu, maana ukipika pilau umeshaanza arusi. Mahramu wake mmoja, yaani ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa, akae chumba hicho hicho, mbali kidogo, bila kuingilia. Dakika 45 zatosha kwa kikao cha kwanza, na cha pili baada ya wiki. Binti aende na maswali manne au matano aliyoyaandika: tutakaa wapi, kwenu au peke yetu? Chuo nitamaliza? Nikifanya kazi, mshahara wangu utauonaje? Una deni? Wataka mke wa pili siku moja? Hili la mwisho watoto huona haya kuliuliza, kisha huja kulilia miaka kumi baadaye.

Istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi, aisali mwenyewe: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua yake. Hakuna sharti la kuota ndoto. Wako wanaongoja ndoto wiki sita, na wako wanaotoa jibu kwa ndoto ya jirani. Istikhara huombwa pamoja na kuuliza habari za mtu, na kuuliza kwenyewe mfanye kama tulivyomweleza mwalimu juu, isipokuwa hapa mtu mmoja atoke Shela na mmoja atoke kazini kwa kijana.

Wakili wetu aongeza mawili. Umri wa ndoa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 ni miaka 18 kwa wote, na ndoa ya Kiislamu nayo imo. Binti wenu ameupita, hapo hamna tatizo. La pili ni kwamba kwa sheria hiyo ahadi ya kuoana haimfungi mtu aolewe au aoe, lakini aliyepata hasara kwa kuvunjwa ahadi aweza kudai fidia. Ndiyo maana msikubali watu waanze kununua fanicha kwa neno la "inshallah" lililosemwa nusu nusu.

Ikiwa jibu ni la, lipelekeni kabla ya wiki tatu kwisha, kwa mshenga yule yule, ndani ya nyumba yake, wala si kwa simu: "Tumeulizana, mwenyewe hakuwa tayari. Twashukuru kwa heshima mliyotupa, na Mungu awape kheri." Msitaje ukoo, rangi wala kazi ya kijana. Sababu yoyote mtakayoitaja itajibiwa, na mtajikuta mkijadiliana jambo lililokwisha. Ikiwa ni ndiyo, mshenga atarudi kwa mambo ya mahari, na hiyo ni barua nyengine.

Yuko Doha, hana kamera

*Natoka Malindi, nina miaka 26. Kijana amenipata Facebook, asema ni mtu wa Faza, Lamu, afanya kazi Doha. Mwezi mzima twaandikiana, maneno yake matamu. Kila nikisema tuonane kwa video asema kamera imeharibika, au huku ni usiku wa manane. Sasa ameomba nimtumie shilingi 6,000 kwa nambari ya mdogo wake, atanirudishia mshahara ukiingia.*

Doha na Malindi saa ni moja. Ukiwa mchana wewe, yeye naye yuko mchana.

Vijana wa Lamu na Malindi wako Ghuba kweli, na ndiyo maana uwongo huu huuzika. Lakini mtu wa Faza ana watu Faza. Muulize ni mwana wa nani, kisha umtafute mtu wa huko akuulizie. Siku mbili zatosha. Video muombe mara moja ya mwisho, na ikipatikana mwambie pale pale ageuze simu akuonyeshe dirisha, au aandike jina lako kwenye karatasi aliinue. Picha iliyorekodiwa haiwezi kutii. Pesa usitume. Ukitaka kujua nambari ile ni ya nani, anza kama unayetuma kwa M-Pesa: jina la mwenye laini huonekana kabla hujathibitisha. Lisome, kisha ufute. Kwa kawaida jina halitakuwa la mdogo wa mtu wa Faza.

Kama ulishamtumia picha usizotaka zionekane, na ameanza kutishia, usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Weka nakala za jumbe zote na nambari zake, upige ripoti polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 yasema anayesambaza picha za siri za mtu aweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Nimekataa, na bado

*Nimemwambia jirani yetu hapa Maweni, Malindi, kwamba sitaki. Bado apiga simu, mara ishirini kwa siku, na jioni hunisubiri stendi ya tuktuk. Mama asema nimvumilie, atachoka.*

Wengine huchoka, lakini si wale unaowapokelea simu. Ukinyamaza mara kumi na tisa ukapokea ya ishirini ili umfokee, umemfundisha kwamba bei ya sauti yako ni simu ishirini. Mwandikie mara moja: "Nilikwambia sitaki. Usinipigie wala kunisubiri tena." Baada ya hapo usijibu neno, hata tusi. Usifute chochote, piga picha za skrini zenye nambari na tarehe.

Kwa kuwa ni jirani, mama badala ya kukwambia uvumilie aende kwa mzazi wa kijana, au kwa mzee wa nyumba kumi, akiwa na simu yako mkononi. Mara nyingi huishia hapo, kwa kuwa mzazi akiona simu ishirini kwa macho yake hana la kutetea. Stendi usirudi peke yako wiki hizi. Asipoacha, au akikutisha au kukushika, nenda kituo cha polisi, uombe dawati la jinsia, na usitoke bila nambari ya kitabu cha matukio, ile wanayoiita OB. Nambari 1195 ni ya bure, na hupokea simu za dhuluma za kijinsia usiku na mchana.

Kredo ya shilingi 100

*Kijana nisiyemjua vizuri, hapa Lamu, amenitumia kredo ya simu ya shilingi 100 bila kumwomba, kisha akaandika "tujuane basi". Nimeshaitumia yote. Je, nimekubali?*

Hujakubali. Mrudishie shilingi 100 zile zile leo, kwa Sambaza au kwa M-Pesa, usizidishe hata kumi asije akaona mmeanza kupeana. Kisha mwandikie: "Asante kaka, nimekurudishia. Kredo najinunulia mwenyewe. Ukitaka tujuane, anza kwa kuniambia wewe ni nani." Kama hutaki kujuana naye, ishia kwenye "mwenyewe".